Basuni Yapiga Hodi Kapsowar

Jumamosi iliyopita, chakula cha mchana kikiwa bado hakijashuka vizuri tumboni, Wakesho Mwakio aliota ndoto. Hakuwa na nia ya kuota. Alijilaza tu juu ya zulia nyuma ya pazia la jukwaa, ndara za buluu miguuni, basuni yake kando ndani ya kasha lake, apumzishe macho kidogo kabla ya tamasha la saa kumi.

Wakesho ni mpiga basuni. Basuni ni ala ya kupuliza, ndefu, ya mbao yenye rangi ya damu ya mzee, na sauti yake ni nene kama ya mjomba anayesimulia kisa huku anatafuna. Mamake, aliye Wundanyi, huiita "hilo dude". Abiria wenzake humwuliza kama ni silaha. Yeye huipenda kuliko vitu vyote anavyoweza kubeba.

Katika kundi lao wako watano, na wote ni watu wa kupuliza: fluti, obo, klarineti, pembe ya shaba na basuni. Kiongozi wao ni Kirigia, mpiga obo, mtu mpole mwenye mashavu yaliyochoka. Kirigia ndiye aliyepata wazo la kuwajulisha watoto wa shule ala hizi kwa tamasha la mtandaoni. Wao wangepiga katika ukumbi mdogo Nairobi, na watoto wangetazama kwenye simu za wazazi wao popote walipo nchini. Kwa kuwa Wakesho ndiye mwenye maneno, alipewa kazi ya kuzungumza na watoto.

Tamasha la kwanza lilikuwa limefanyika Jumamosi iliyotangulia, na lilimvunja moyo. Watoto walionekana kwenye skrini, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake, wengine vipaji vya nyuso tu. Wakesho aliwaeleza basuni kwa moyo wake wote. Akaiigizia tembo, akaiigizia babu anayekoroma. Kisha akauliza, "Nani ana swali?"

Kimya.

"Hata swali dogo?"

Kimya. Msichana mmoja alichezesha midomo, lakini huenda alikuwa anatafuna kitu.

"Basi kwaherini," Wakesho akasema, na hata kwaheri haikurudi.

Ndiyo maana, Jumamosi hii, walipokuwa wakila, alimgeukia Kirigia na kumwambia, "Leo zungumza wewe. Mimi nitapuliza tu."

"Lakini wewe ndiye unayejua kuongea na watoto."

"Hawakunitaka, Kirigia. Na basuni hawakuitaka. Mtu akiuliza mara mbili asijibiwe, amejibiwa."

Kirigia akasukuma sahani kando. "Lala kidogo," akasema. "Tutaongea ukiamka."

Wakesho akaenda akalala, na mara kasha la basuni likafunguka, tena kutoka ndani.

"Inuka," basuni ikasema. "Twende tukawaulize wenyewe."

"Tukawaulize akina nani?"

"Watoto. Umenisema mezani kwamba sikutakiwa. Kasha si ukuta, nimesikia yote."

Wakesho akaomba radhi. Basuni ikamwambia haina kinyongo, ina kiu. Utete wake, kile kiulimi cha tete mbili zilizofungwa pamoja ambacho mpigaji hukitia mdomoni, ulikuwa umekauka, na utete mkavu hausemi, hukwaruza. Wakesho akautia kinywani akaulowesha kwa mate. Basuni ikashusha pumzi ya mtu aliyepewa maji njiani.

"Sasa nikunjue."

Hili nalo Wakesho aliliona la kawaida. Basuni ni bomba lililokunjwa ili mtu aweze kulibeba. Ukilinyoosha linampita mtu yeyote kimo. Akalikunjua mara moja, likafika dirishani. Akalikunjua tena, likatoka nje likaegemea wingu. Akalipanda kama ngazi, akikanyaga vitufe, na kila kitufe kikatoa sauti yake alipokikanyaga.

Juu kule wamesimama kwenye nyuzi. Nyuzi zinatoka kila paa na kwenda kila paa, nyembamba, zinang'aa, zinayumba kidogo.

"Hapa ndipo mtandaoni," basuni inasema. "Usitazame chini. Chini hakuna mtandao."

Ala nne nyingine zinawasubiri, bila wapigaji wao. Obo iko mbele, nyembamba na nyeusi, imeshika kiuno.

"Nifuateni," inasema obo.

Ni kanuni yao ya kila siku. Kabla ya kupiga wimbo wowote, obo hutoa sauti moja, na wengine wote huifuata ili ala zao zilingane. Basi wakaifuata. Obo ikakata kulia, wote kulia. Obo ikasimama kukuna mgongo, wote wakasimama wakakuna migongo, Wakesho naye. Obo ikapotea njia, nao wakapotea, ila kwa mpangilio mzuri sana.

Walipopotea vya kutosha wakafika langoni.

Langoni ameketi buibui mkubwa wa kike, miwani minne puani, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Miguu yake iliyobaki imeshika nyuzi, kila mguu uzi wake.

"Hodi," Wakesho anasema.

"Karibu, dada. Nyinyi ni akina nani?"

"Ni kundi la ala za mbao, ndivyo tunavyoitwa, tunakwenda kuwaona watoto."

"Mbao," buibui anarudia, na kuweka kikombe chini. "Basi wapite walio mbao."

Obo ikapita. Klarineti ikapita, lakini baada ya mabishano, kwa sababu klarineti ina sauti mbili, moja nzito ya chini na moja nyepesi ya juu, na zote mbili zilitaka kutangulia. "Mimi ni mkubwa," ya chini ilisema. "Mimi ninasikika," ikajibu ya juu. Mwishowe ziliingia pamoja, ubavu kwa ubavu, zikanung'unika hadi zilipotoweka.

Fluti ikafuata. Buibui akaitazama kwa miwani yote minne.

"Wewe ni fedha."

"Mimi ni mbao," fluti ikajibu.

"Unang'aa."

"Ni mbao inayong'aa. Babu yangu alikuwa mbao, na babu yake pia. Mimi nimebadilisha nguo tu."

Buibui akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na babu. Akaipisha.

Ikabaki pembe. Pembe ya shaba ni bomba refu lililozungushwa likazungushwa kama nyoka aliyesahau alikokuwa akienda, kisha likafunguka mdomo mpana. Haikuweza kusema ni mbao. Haikuwa na babu wa mbao. Ikainama kwenye nyuzi ikaanza kulia, na sauti ya pembe ikilia si kitu kidogo. Uzi ulitikisika hadi Nakuru.

"Kila mahali ni hivi," pembe ikasema. "Kwa mbao naambiwa mimi shaba. Kwa matarumbeta naambiwa mimi mpole mno. Nirudi wapi?"

Wakesho akasikia huruma. Alikuwa ametumia muda wake mwingi maishani akiwaeleza watu kwamba alichobeba si silaha.

"Mama," akamwambia buibui, "hawa hawakai pamoja kwa sababu ya mbao."

"Wanakaa pamoja kwa sababu ya nini?"

Wakesho aligeuka. Akaipigia pembe magoti akaiuliza, "Huwa unanyamazishwa namna gani ukizidi?"

"Natiwa mkono mdomoni," pembe ikajibu kwa kwikwi. "Mpigaji wangu huingiza mkono wake humu akaniweka kiganja. Hapo nakuwa laini."

Wakesho akakunja shati akaingiza mkono hadi karibu na kiwiko. Ndani kulikuwa na joto na unyevu kidogo, kama ndani ya kinywa cha ndama. Kilio kikapungua, kikawa mlio, kisha kikawa wimbo wa chini wa mtu anayefua peke yake. Basuni ikaitikia kidogo chini yake. Obo na klarineti, kutoka upande wa pili wa lango, zikaitikia pia, na fluti ikaja juu yao kama mvuke juu ya sufuria.

Buibui alikuwa amefumba macho, na kwa buibui hiyo ni kazi.

"Nimeelewa," akasema. "Wote wanapumua."

"Ndiyo hivyo."

"Pita naye. Lakini mkono usiutoe."

Basi Wakesho aliendelea na safari akiwa amevaa pembe mkononi.

Mbele yao kuna ukuta. Ukuta wote ni vijisanduku, kila kimoja na mlango wake na jina lake mlangoni: Simu ya Baba Wekesa. Mama Mboga Kibwezi. Samsung. Samsung. Fundi Juma Hapana Sumbua. Kwingine giza.

"Gonga popote," basuni inasema, na yenyewe inagonga kabla hajachagua. Mlango umeandikwa Kogo Kapsowar.

Mlango unafunguka, na sasa si mlango wa ukuta. Ni wa jiko la nyumba ya udongo milimani, baridi inaingia kutoka nyuma, maziwa yako motoni. Bibi mmoja mwenye kilemba anainua uso kutoka kwenye ndoo.

"Vua viatu," anasema. "Nimetoka kupiga deki."

Wakesho akavua ndara zake akaziweka kando ya mlango. Basuni ikajipangusa kwa nguo. Pembe haikuwa na la kuvua.

"Shikamoo, Kogo," Wakesho akasema, kwa kuwa alijua hivyo ndivyo nyanya huitwa kule.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa basuni?"

Wakesho akashangaa. "Unaijua basuni?"

"Nitaachaje kuijua? Wiki nzima mtoto huyu ananiigizia kwa mikono."

Mezani, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye mkebe wa sukari, ameketi msichana wa miaka minane hivi, sweta ya shule, jino moja halipo. Anaitwa Jebet, bibi ndiye aliyetaja jina, kwa sababu msichana mwenyewe anachezesha midomo na hakuna kinachotoka. Mkononi ameshika bua la jani la boga, lenye tundu ndani kama mrija. Analitia mdomoni, anavimbisha mashavu, anapuliza. Kimya. Anamtazama Wakesho, anasema kitu kirefu sana. Kimya.

"Alikuwa na swali," Kogo anasema. "Tangu Jumamosi ile. Lakini ukiingia kwenye tamasha lenu, unaacha sauti mlangoni. Na hamjazirudisha."

Wakesho akahisi masikio yakimwaka moto.

"Nani anazo?"

"Muulize mlinda lango wenu."

Na papo hapo wako langoni tena, Jebet yuko pamoja nao, buibui anakunywa kikombe cha pili.

"Sauti za watoto ziko wapi?" Wakesho akauliza.

"Kabatini." Buibui akaonyesha kwa mguu wa tano. Nyuma yake kulikuwa na kabati refu, rafu juu ya rafu, chupa juu ya chupa. Ndani ya kila chupa kulikuwa na sauti imejikunja. Nyingine zilikuwa zinakohoa. Moja ilikuwa inaimba jedwali la kuzidisha kwa saba.

"Nani aliyezizima?"

"Mwenyeji."

"Mwenyeji ni nani?"

Buibui akamtazama kwa upole. "Ni wewe, dada. Uliingia ukakuta jogoo anawika Kibwezi na mtu anasaga nyanya Kisii. Ukasema, 'Zima wote.' Nikazima wote. Ukaanza kuzungumza. Ukauliza kama kuna swali. Mimi nikawa nangoja useme niwashe. Hukusema. Ukaaga."

Wakesho alikaa chini kwenye uzi. Alikumbuka jogoo. Alikumbuka nyanya zikisagwa. Kidole chake cha shahada nacho kilikumbuka.

"Walikuwa wanajibu?"

"Mpaka chupa zikajaa."

"Basi fungua!"

"Kabati hili halifunguki kwa ufunguo. Linafunguka kwa upepo. Pulizeni wote kwa pamoja, pumzi moja, asikatike mtu."

Wakajipanga. Fluti ikasema haiwezi. "Pumzi yangu nusu inaingia tunduni na nusu inapita nje," ikaeleza. "Mimi huishiwa mapema. Ndivyo nilivyo."

"Na mimi hubakiza," obo ikasema kwa aibu kidogo. "Tundu langu ni dogo. Pumzi hunijaa kifuani haina pa kutokea. Naumwa na kichwa."

Zikatazamana. Miaka yote hiyo zilikuwa zimekaa viti jirani na hazijawahi kuulizana.

"Nipe uliyobakiza," fluti ikasema.

"Chukua yote."

Wakapuliza. Fluti kwa pumzi yake na ya obo, klarineti kwa sauti zote mbili zikiwa zimepatana kwa mara ya kwanza, pembe na mkono mdomoni, basuni chini yao wote kama sakafu. Jebet naye akainua bua lake la boga akapuliza, mashavu kama maandazi. Mlango wa kabati ukavuma, ukatetemeka, ukafunguka.

Sauti zikatoka. Zilitoka zote kwa pamoja kama watoto kengele ya saa nne inapolia, na kwa haraka yao nyingine zikaingia kusikokuwa kwao. Mbuzi mmoja Kitui akasema waziwazi, "Mwalimu, mimi naitwa Baraka." Mwanamume mzito Homa Bay akapiga chafya ya kitoto. Buibui akawa anazikamata kwa miguu yote na kuzielekeza, chai ikimwagika, akicheka.

Sauti ya Jebet ilikuja ya mwisho, ikitembea, ikamwingia mdomoni mwake pale penye pengo.

"Mwalimu," Jebet akasema. "Hiyo basuni—"

Mtandao ukakatika.

Ulikatika kama kamba ya nguo. Wakesho alisikia "tap", akaona nyuzi zikijikunja pande zote. Akataka kurukia mlango wa Kogo achukue viatu vyake. Mguu mmoja ukapata ndara. Wa pili ukapata hewa.

"Wakesho!"

Kirigia alikuwa amemwinamia, tai shingoni.

"Unalala na mkono juu kama unamsimamisha mtu. Amka, watoto wanaingia."

Wakesho akaketi. Basuni ilikuwa kashani, imekunjwa, haina la kusema. Akatafuta viatu. Mguuni alikuwa na ndara moja tu, ya kulia. Akatazama nyuma ya pazia, akatazama chini ya meza, akainua zulia. Hakuna. Huenda mtu ameipiga teke, alifikiri. Akavaa viatu vyake vyeusi vya jukwaani.

"Nimekubali," Kirigia akamwambia wakitembea. "Leo nitazungumza mimi. Sijui nitasema nini, lakini nitasema."

"Hapana," Wakesho akasema. "Ngoja kwanza nitazame kitu."

Akaenda kwenye kompyuta. Vijisanduku vilikuwa vinajitokeza kimoja kimoja, na kwenye kila kimoja kulikuwa na kialama kidogo cha kipaza sauti kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Akatafuta pembeni. Pale palikuwa pameandikwa kwamba washiriki hawaruhusiwi kujiwashia sauti. Palikuwa hivyo tangu Jumamosi ile, kwa kidole chake mwenyewe.

Kirigia alisoma juu ya bega lake. Alivuta tu pumzi ndefu, mpiga obo yule, akaitoa yote.

Wakesho akabonyeza.

Ukumbi ukajaa. Jogoo, vikombe, mlango uliolia, mtoto mchanga, na juu ya yote watoto, wote kwa wakati mmoja: "Mwalimu! Mwalimu, unatusikia? Mwalimu, mimi! Mwalimu, ile ndefu iko wapi? Mwalimu, lete ile ndefu!"

Ilimbidi ageuke kidogo asionekane akipangusa macho. Kisha akawaonyesha. Fluti ikajieleza, halafu obo, halafu klarineti na sauti zake mbili, halafu pembe na mkono ndani ya mdomo wake. Mtoto mmoja akauliza kama inauma. Wakacheka wapigaji wote watano. Kila jibu lilizaa maswali manne, na tamasha la saa kumi lilipiga wimbo wa kwanza karibu na saa kumi na moja bila mtu yeyote kulalamika.

Basuni alikuwa ameiweka mwisho. Alipoinyanyua tu, kijisanduku kimoja kikaangaza rangi pembezoni, kuonyesha kwamba aliyemo anazungumza. Chini yake paliandikwa Kogo Kapsowar. Ndani yake palikuwa na mkebe wa sukari, mvuke wa maziwa, na msichana mwenye sweta ya shule na pengo mbele.

"Mwalimu," msichana akasema, "hiyo basuni, ukiipuliza, wewe unasikia kwa masikio ama kwa tumbo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Wakesho swali zuri kama hilo.

"Kwa tumbo," akajibu taratibu. "Kwanza kwa tumbo."

"Nilijua," msichana akasema, na akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akageuka nyuma, kwa sababu mtu alikuwa akimwambia kitu kutoka jikoni, akainama nje ya kijisanduku, akarudi ameshika kitu mbele ya simu. Ilikuwa ndara ya buluu ya mguu wa kushoto, kamba yake imefungwa kwa ule uzi mwekundu ambao wapiga basuni hufungia tete zao.

"Kogo anasema uliondoka mbio," Jebet akasema. "Ameiosha. Anauliza tuitume, ama utakuja mwenyewe?"